Soma Maagizo

Jumanne, Mogogosiek

Wiki nzima watu wananiandikia kwamba plagini yangu ya kuleta mvua kwenye gemu haifanyi kazi, na kila mmoja namjibu, "Soma maagizo." Leo nikampa Chebet, dada yangu asiyecheza gemu, ajaribu kuiweka kwenye seva. Nikamwachia maagizo yangu tu. Akaweka faili kwenye folda, kisha akakwama.

"Umeandika niwashe seva. Si imewaka tayari?"

Sikuandika izimwe kwanza! Mimi huizima bila hata kufikiria.

Akacheka. "Ni kama Mama na ule ufito wa kupimia majani chai. Alikuwekea juu ya kichaka, akasahau kukuambia yaliyo chini yake hayachunwi."

Mikono yangu inajua nini kingine ambacho sijawahi kuandika? Natamani kujua.

Na wale niliowaambia wasome... walikuwa wamesoma.