Nafasi ya Miguuni kwa Mama

Shubra, Kairo
11 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Febronia,

Salamu nyingi zikufikie huko Melbourne, wewe na shemeji Wagdi. Hujambo? Kidonda cha upasuaji kimefunga? Na Kirolos mdogo ananyonya vizuri? Sisi huku miili ni mizima, zaidi ya hapo sina la kujisifia. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Una haki ya kukasirika. Mama alinikataza nisikuambie kuwa anaumwa. "Mtoto katoka kupasuliwa juzi, unataka maziwa yamkauke?" Unamjua, nani wa kumbishia? Lakini alipokata roho amri ile ilikwisha, nami nikanyamaza siku tatu, ukaja kusikia kwa watu. Hilo kosa ni langu mwenyewe. Nisamehe.

Juzi alinijia kijana wa chuo kikuu, anaandika juu ya miungu ya kale iliyofichwa ndani ya filamu za siku hizi. Kazitazama zote tulizoigiza mimi na wewe kama waliaji wa msibani. "Shangazi, mlijua kwamba wewe ni Nefthis na mdogo wako ni Isis?" Nikamwambia, "Mwanangu, tulijua kwamba saa sita tunapewa mkate wa maharage." Akacheka. Lakini tulijua, si ndiyo? Mzee Nagib mwongozaji alitupanga mwenyewe kila penye jeneza, mimi kichwani, wewe miguuni, kama wale dada wawili waliomlilia ndugu yao Osiris mpaka akaamka. Watazamaji hakuwaambia kitu.

Na maiti wetu waliamka kweli! Ikisemwa tu "Kata!", marehemu anakaa kitako jenezani anadai chai. Unamkumbuka yule mnene aliyepiga chafya katikati ya yowe lako? Kila filamu ikirudiwa kwenye televisheni, Mama aliita majirani: "Waoneni wanangu, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mimi kufa sina wasiwasi."

Kanisani nilisimama kichwani. Miguuni hapakuwa na mtu. Shangazi Teodora alitaka kusogea pale, nikamtolea jicho, akarudi nyuma. Nililia kwa sauti ile ile ya filamu, sina nyingine. Najua ni upuuzi, Febronia, lakini nilikuwa nasikilizia nani atasema "Kata." Hakusema mtu. Wakafunga jeneza.

Sasa lile lililonifanya niandike. Jumanne ile mchana, siku yake ya mwisho, Mama alikuwa haoni tena na miguu imekuwa ya baridi. Nikakaa kuisugua kwa mafuta. Akauliza, "Nani huyo miguuni?" Nikajibu, "Ni mimi, Mama. Febronia." Mungu anirehemu, lilinitoka tu. Uso wake ukachangamka! "Umekuja? Mbona mikono migumu hivyo, huko wanakufulisha nguo za mji mzima?" Nikacheka huku nalia. Kisha akasema maneno ambayo hayakuwa yangu, nami nikayapokea kama mwizi. Nitayaandika mwisho, maana nikiyaandika hapa barua hii haitaisha.

Arobaini yake ni tarehe sita Aprili. Sikuiti, una kichanga. Nitagawa mikate makaburini kama desturi, kisha nitasimama kichwani pake. Miguuni hatasimama mtu.

Shangazi Teodora anakusalimu, bado kaninunia kwa lile jicho. Mjomba Bishara naye anakusalimu, anasema mtoto asifunikwe uso anapolala. Mbusu Kirolos kwa niaba yetu. Bwana awakinge huko ugenini, na amlaze Mama mahali pasipo maumivu.

Haya, pokea kilicho chako. Miaka sita umekuwa ukiniuliza kwa nini Mama hakuja uwanja wa ndege kukuaga. Alikwambia hivi: "Siku ile nilisingizia magoti. Magoti hayakuwa na lolote. Nilijua nikikuona unaingia mle ndani nitakushika nguo, nisikuachie, nikuaibishe mbele ya mumeo. Usidhani sikutaka kuja." Akaupapasa mkono wangu akidhani ni wako. "Basi, acha kusugua. Kapumzike, mwanangu, umetoka mbali."

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekaa mahali pako,
Demiana