Nyumba Bila Moshi

Elisabethville, mtaa (commune) wa Kenya, tarehe 6 mwezi wa nane 1961

Kwa Yaya Albertine, dada yangu mukubwa, kule Sakania.

Yaya, ninakutangazia wewe, shemeji Rigobert na ukoo mzima, bazima na balio kaburini, kwamba mbabula, jiko la makala la nyumba yangu, imepewa kongé ya kupumzika. Kila siku ya posho, ile bazungu banaita samedi na Baswahili Jumamosi, haitawaka. Makala yamekwisha kupewa taarifa.

Muko namna gani? Batoto balipona malaria? Huku tuko bazima, kadiri Muluba wa Kasai anavyoweza kuwa muzima katika mji huu mwaka huu.

Usicheke. Nilijisomea Biblia mwenyewe, sawa vile nilijifunza kutengeneza kinga, baisikeli za bantu: nilifungua, nikaona namna vipande vinashikana. Amri ya ine haisemi chagua siku. Inasema kumbuka siku ya saba. Mungu aliibariki pale bustanini, wakati Muyahudi wa kwanza hajazaliwa, basi si mali ya Bayahudi peke yao. Yesu aliingia sinagogi siku ile, sawa desturi yake. Na wale bamama walioandaa manukato: Bwana iko kaburini, nabo balipumzika Sabato kwanza. Nani alibadilisha? Nilitafuta toka Mwanzo mpaka Ufunuo, sikumuona.

Bibi yangu Mado analalamika. Anapika siku ya tano, ile inayotangulia siku ya posho, jua halijashuka, na kesho yake tunakula bukari baridi, ugali wa jana. Kipande kimoja ningeweza kuziba nacho mupira wa kinga. Jirani Kabwe alichungulia juu ya ukuta wa lupango akaniambia: "Paulin, tayari banakuwinda juu ya kabila. Unatafuta sababu ya pili?"

Mudogo wako,
Paulin


Sakania, tarehe 15 mwezi wa nane 1961, sikukuu ya Bikira Maria

Mudogo wangu Paulin,

Salamu kwako, kwa Mado na kwa batoto. Sisi tuko bazima, mugongo wangu tu ndio unasumbua. Floribert, yule wa train, alinipa barua yako mkononi.

Rigobert alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Miye sikucheka. Amri unayoita ya ine, kwetu Bakatolika ni ya tatu. Hata kuhesabu hamupatani na Padri. Yeye anasema Bwana alifufuka dimanche, siku ya mungu, na inatosha. Lakini siandiki juu ya Padri. Ninaandika juu ya moshi.

Bantu wanaoshuka hapa toka kwenu banasema vijana ba chama cha serikali, bale banawinda Baluba, banapita asubuhi, banaangalia mapaa. Nyumba bila moshi, banasema Muluba amekimbia, banaingia kuchukua vitu. Washa moto, mudogo. Chemsha maji tu. Mungu hatakasirikia maji.

Ao mukuje wote. Miye hapa niko na jina la bwana yangu, muntu wa huku, hawanigusi. Mutalala chini ya jina lile. Floribert atawafungia ndani ya wagon ya mahindi, ila yeye iko kazini kwa train ya siku ya posho peke yake. Ninajua utasema nini. Bwana alisema ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato, munamutoa. Shimo tunaliona. Ng'ombe ni wewe.

Yaya wako,
Albertine


Elisabethville, Kenya, tarehe 25 mwezi wa nane 1961

Yaya mupenzi,

Mugongo unaendeleaje? Pakaza mafuta ya mawese ya moto. Ninaandika haraka, jua linashuka. Barua hii iko ndani ya kikapu cha Mado. Yeye hakubatizwa katika njia hii na simulazimishi. Sabato ni zawadi, na zawadi haishindiliwi muntu mufukoni kwa nguvu. Kesho Floribert atamufungia katika wagon pamoja na batoto. Miye ninabaki.

Ng'ombe wako ana jibu. Ng'ombe alianguka, hakupanga safari ya kwenda shimoni. Miye ninajua leo kwamba train iko kesho, nikipanda, nimepanga. Na kuishika Sabato wakati wa amani, hata mbuzi anaweza: yeye pia hapiki.

Tena ujue, siku ya posho iliyopita vijana balikuja. Tulikuwa ndani, tumefunga mulango, tunasoma kwa sauti ya chini. Moja akasema: "Hapa bure. Hakuna moshi, benzetu balishamaliza." Akachora musalaba wa chaki mulangoni, bakaendelea. Kwa Edouard, muuza chumvi, kulikuwa na moshi. Huko baliingia. Edouard hajaonekana mpaka leo. Chaki sijaifuta.

Kesho yake Kabwe alishangaa kutuona. "Kumbe mulikuwa humo ndani?" Nikamueleza yote, aya kwa aya. Ni muntu wa kwanza wa avenue yetu kuniuliza Sabato inaanza saa ngapi.

Mudogo wako,
Paulin


Sakania, tarehe 1 mwezi wa tisa 1961

Paulin,

Salamu nitaziweka mwisho. Mado na batoto balifika, na kikohozi cha vumbi la mahindi. Mado aliniambia kitu ambacho hukuandika: Kabwe siku hizi anavaa kofia ya chama. Muntu wa kofia ile haulizi saa kwa ajili ya Mungu.

Toka. Kimbilia kambi ya ONU, ya Umoja wa Mataifa, kama benzako. Kama hutaki kambi, na train hutaki, chukua kinga, pita barabarani siku ya mungu, siku ya kwanza, siku yoyote. Sabato yako sikunyang'anyi tena. Shika hata mbili kwa wiki, lakini uzishikie hapa.

Salamu. Uko muzima?

Yaya wako,
Albertine


Elisabethville, Kenya, tarehe 8 mwezi wa tisa 1961, siku ya tano, jua halijashuka

Yaya,

Niko muzima. Nawe, na batoto, kikohozi kimepungua? Nitakuja siku ya mungu na kinga. Mnyororo nimekwisha kuutia mafuta. Kesho hapana, na si juu ya kupumzika peke yake. Kabwe analeta barafiki basikie Neno. Nilimuuliza bangapi, akasema: "Usijisumbue na viti." Niliazima benchi hata hivyo.

Kofia niliiona, yaya. Matayo naye alikuwa na kazi mbaya wakati Bwana alipomuita. Nikimukimbia muntu anayeuliza njia, Sabato ninaishika ya nini?

Aliniomba niache mulango wazi. Nitauacha.

Umwambie Mado nimejifunza kupika. Bukari yangu baridi inaweza kujenga ukuta. Floribert anangojea barua, kesho anaondoka.

Mudogo wako,
Paulin


Sakania, tarehe 8 mwezi wa kumi 1961

Mudogo wangu Paulin,

Unasikiaje mwili? Sisi tuko. Siku ya mungu ile uliyosema, tulisimama barabarani, miye na Mado, mpaka batoto balilala mugongoni. Na iliyofuata. Kisha bunduki zikaanza kule kwenu, barua hazikupita tena.

Floribert alifika juzi. Anasema alipita kwenye avenue yenu siku ya posho, mchana. Mulangoni hakuna chaki, umepakwa rangi. Na paani kulikuwa moshi mwingi, sawa wa bantu wanaochoma nyama. Batoto balipiga makofi: "Papa iko." Mado alimuuliza Floribert mara mbili kama kweli ilikuwa siku ya posho. Akasema ndiyo. Mado akasimama, akamwaga ndoo ya maji juu ya mbabula yangu, chakula kikiwa juu.

Jana hatukuwasha. Rigobert alikula bukari baridi. Leo Padri aliniuliza moshi wetu ulikwenda wapi. Nilimwambia makala yaliisha.

Ninakuandikia tu, juu sijui nifanye nini kingine. Kama barua hii itakukuta, ujue kwamba train ilibadilishwa siku. Inatoka jeudi, si siku ya posho tena.

Yaya wako,
Albertine