Baba Mkwe Ameonyesha Goti, Kidonda Kiko Pajani

Shangazi Efrazia wa redioni, shikamoo. Mimi ni Nyangi wa Nyanungu, nakuandikia kwa haraka, maana baba mkwe wangu, mzee Magige, wiki mbili zilizopita alipigwa pembe na fahali, ikaingia pajani, na hospitali hataki, eti mchubuko tu, basi mume wangu Nelson, yuko kazini hotelini huko Ikoma, akamtafutia daktari wa kwenye simu, wa kumwona kwa video, nikafurahi, kumbe tatizo lenyewe ni mimi, kwa sababu mama mkwe alishafariki, mwenye simu kubwa hapa nyumbani ni mimi, na kwetu Wakurya mzee hamwonyeshi mke wa mwanawe paja hata umshikie bunduki.

Daktari akasema, "Mzee, nionyeshe kidonda." Nikanyoosha simu, uso nimeugeuzia ukutani. Nikasikia, "Hongera mzee, goti limepona vizuri sana." Goti! Kumbe mzee amemwonyesha kovu lake la ujana. Ila ningesemaje mimi mkwe? Jana nimefua shuka lake, lina usaha na linanuka, na leo anatetemeka kwa homa. Nelson anasema daktari ameshamwona, nisikuze mambo. Nikisema, nimemvunjia mzee heshima, nikinyamaza, nitamzika, naye ndiye aliyenitetea miaka minne nilipokosa mtoto, akiwaambia watu, "Huyu ni binti yangu, mwacheni." Nimpigie tena daktari wa simu au nimpeleke hospitali Tarime?

*

Marahaba, Nyangi mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma hewani kabla ya mingine yote, maana usaha, harufu na homa havingoji zamu. Hospitali, leo hii!

Huyo daktari simlaumu, alionyeshwa goti akajibu goti. Video inafaa kuulizia dawa au kumfuatilia mgonjwa anayeendelea vizuri. Lakini simu hainusi, wala haiwezi kubonyeza paja la mtu. Ninayemgombeza ni wewe. Umesikia "goti" ukafunga mdomo! Heshima gani hiyo ya kumpeleka mzee kaburini? Na wewe Nelson, kama unanisikia huko Ikoma, omba ruhusa uje. Baba ni wako.

Sasa sikiliza. Mtafute mzee wa rika lake, aliyetahiriwa naye msimu mmoja, hao hawafichani kitu. Yeye ndiye aingie naye kwa daktari. Tafuteni gari, pikipiki hapana, paja litaumia. Mkifika, mnong'oneze muuguzi: ni paja, siyo goti. Kisha utoke ukae nje. Akipona, video mtaitumia tena, ila simu aishike huyo mwenzake.

Najua mzee atakaidi. Paja usilitaje kabisa. Piga goti umwambie, "Baba, miaka minne ulisimama mbele yangu watu wasinifikie. Leo nami nitasimama mlangoni kwa daktari, hatachungulia mtu." Atapanda gari.