Upanga Niliompa Maloba

Babra, nimetolewa kwenye mashindano ya upanga. Mechi ya kwanza tu ya mtoano!

Na unajua nani amenitoa? Maloba! Huyo huyo wa Busia, upande wa Kenya, ambaye kila Jumamosi anavuka kuja Tororo tufanye mazoezi. Nimepanda ndege mbili kuja kupigwa na jirani.

Ngoja. Asubuhi wakaguzi wa vifaa walikataa upanga wake. Akaniangalia tu. Nikampa wangu wa akiba, tukiwa bado hatujajua nani anakutana na nani.

Kumi na tano kwa kumi na nne, Babra. Kwa upanga WANGU.

Tukashikana mikono, akaninong'oneza, "Ofumbi, nisamehe. Chukua upanga wako."

Sina hata nguvu ya kukasirika. Nimemwambia akae nao, ana mechi nyingine saa nane.