Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Mama Nadine

Jumamosi, Julai. Baridi kavu ya La Rochelle, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika, imenipasua midomo, na moyo wangu hauko sawa.

Leo watu wa televisheni wamekuja saluni kwetu. Wanatengeneza filamu kuhusu Solange, Mkongo wa Bukavu ninayesuka naye. Alilelewa kama mvulana. Leo ni mwanamke, na safari hiyo ndiyo wanayotaka kuionyesha.

Nikiri jambo. Kabla ya Solange, mtu kama yeye nilimjua kwenye vichekesho tu: mwanamume kajifunga kanga, kajaza matambara kifuani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kwenye filamu za huzuni nako, hafiki mwisho. Atapigwa, atauawa, tutalia kidogo, tutabadilisha chaneli.

Mwongozaji, mama mmoja mpole, alipokuja Jumanne kupanga kazi, alitaka mambo yaleyale. Picha ya zamani. Jina la zamani. Solange ajipake rangi ya mdomo mbele ya kioo, halafu atazame dirishani. Solange alimsikiliza mpaka mwisho, akakataa kwa upole, kisha akanigeukia.

"Ile watu walishaona, dada. Kazi yangu ndiyo hawajaona."

Akasema waje Jumamosi, saluni ikiwa imejaa. Nilimvulia kofia. Halafu nikaogopa.

Maana Jumamosi kichwa kimoja tunakisuka watu wawili: yeye kulia, mimi kushoto. Kamera ikimpata, imenipata na mimi. Nina kaka Tanga ambaye huona kila kitu kwenye simu, na najua atakachosema kuhusu mimi na mtu ninayefanya naye kazi. Kwenye fomu yao nikaandika uso wangu ufunikwe. Solange sikumwambia.

Leo kamera ilipowashwa, niliona hata kufunikwa uso hakutoshi. Niliachia rasta katikati ya msuko, nikasema nakwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua maziwa ya chai.

Maziwa yalikuwepo saluni.

Nilisimama nje karibu na mlango, nikisikia kila kitu. Kitini alikuwa Mama Nadine, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Nilikuwa na hakika atanyanyuka. Mwongozaji akamwambia kwamba akipenda watauficha uso wake, au asubiri nje mpaka wamalize.

"Kichwa yangu iko nusu, nitaenda wapi?" akasema Mama Nadine. "Na sura yangu muiache vile iko. Suka, mwana."

Na Solange akasuka. Alimaliza kulia, akahamia kwenye upande wangu, huku akimgombeza mteja mwingine aliyeosha nywele kwa sabuni ya kufulia. Watu wakacheka, naye akacheka. Sijawahi kuona mtu kama yeye kwenye televisheni akiwa hivyo, yuko kazini, mkali kidogo, anapendwa. Nilijivunia kumjua, nikiwa nimejificha ukutani.

Msusi yeyote akiiona filamu hiyo atajua. Mkono wangu unakaza, wa Solange ni mwepesi. Kushoto kwa Mama Nadine mistari imebana, halafu ghafla inalegea. Hapo ndipo nilipokimbia.

Niliporudi hakuniuliza maziwa yako wapi. Alinipa kitana.

"Nyuma ingali bado, dada."

Ningekuwa mimi ningenuna wiki nzima. Yeye alinisogezea kigoda tu, nikasuka, kamera ikiwa imeshazimwa.

Wanarudi Jumamosi ijayo kumalizia. Jioni hii nimemwandikia mwongozaji kwamba fomu yangu aichane, uso wangu uonekane. Nimeusoma ujumbe mara nne. Nimemfikiria kaka, nikaweka simu chini, nikachemsha chai, nikaichukua tena.

Nimetuma. Kesho nitampigia kaka mwenyewe, nimwambie kuhusu Solange kabla hajamwona.