Leo Protini Zimesimama

Jumatano. Upepo umeamka na vumbi lake, madirisha ya maabara yamefungwa tangu asubuhi, na midomo yangu imepasuka kwa ukavu. Lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Protini zimesimama.

Ngoja nieleze. Natengeneza kipimo cha kutambua bakteria wa brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, kwenye maziwa. Nina kioo kidogo kilichopakwa dhahabu. Juu yake nabandika protini zinazoshika kingamwili kwa nyuma, ili mikono ya kingamwili ibaki wazi kukamata bakteria. Kitu kikinaswa, mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo hubadilika, na kompyuta huchora mstari unaopanda.

Kusimulia ni rahisi. Tangu masika protini zangu zilikuwa zinalala hovyo juu ya dhahabu, nyingine zimejikunja, na nikiosha tu zinaondoka na maji. Wiki iliyopita nilijifungia chooni nikalia. Nilishaanza kutunga maneno ya kuomba kubadilisha mada ya utafiti wangu.

Aliyenizuia ni mama mdogo, kule Mlali, bila yeye kujua. Alitibiwa malaria mara kadhaa huku homa ikienda na kurudi, viungo vikimuuma hata asiweze kukamua. Kumbe ni brusela, na aliipata kwenye maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe.

Leo nimejaribu protini mpya, yenye mkia mfupi unaong'ang'ania dhahabu. Mkia chini, mdomo wa kushika kingamwili juu. Mstari ukapanda. Nikaosha, ukabaki palepale. Dokta Mwanaidi, msimamizi wangu, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Osha tena."

"Nimeshaosha, Dokta."

"Najua. Osha nione mwenyewe."

Nikaosha. Haukushuka.

Tukaweka kingamwili, zikashikwa. Tukapitisha maziwa safi, mstari ukatulia. Kisha maziwa tuliyoyatia bakteria waliouawa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mstari ukaanza kupanda, taratibu, kama mtu anayeamka usingizini.

Dokta hasifii mtu ovyo. Alinigusa begani tu. "Haya. Sasa urudie, tuone kama ni kweli."

Jioni nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hicho kioo kimekubali?"

"Leo kimekubali. Ila bado sana kufika huko."

Nikasikia ndama analia nyuma yake. "Basi mimi naendelea kuchemsha maziwa, na wewe endelea na kioo chako. Siku mkija, mwanzie zizini kwangu."

Nimemwahidi.

Kioo kimoja hakitoshi kumwahidi mtu, najua, na cha pili kinaweza kunigomea. Lakini nimeahidi kwa moyo mweupe, na sitaki kuifuta ahadi hiyo. Asubuhi nabandika cha pili.