Programu ya Kufuatilia Nguo kwa Fundi

Leo mjinga ni mimi, rafiki yangu, cheka tu.

Nimempelekea fundi cherehani anayemshonea mama ile programu yangu ya simu, ya kumwonyesha mteja nguo yake imefikia wapi. Miezi minane tangu niache kazi niitengeneze, na bosi wa zamani anataka jibu kesho kama narudi.

Fundi kaitazama. "Nzuri, mwanangu." Nzuri, neno lako lile lile nilipokuonyesha wewe.

Nikamuuliza, utaitumia? Akatikisa kichwa.

Nami sikomi, nikambishia. Eti wateja wake wamechoka na "njoo kesho".

Akatoa pini mdomoni. "Njoo kesho ndiyo inayoniponya. Simu yako itawaambia kitambaa hata sijakikata. Kabla ya kuacha kazi, ulimuuliza fundi gani?"